Mkia umechanika, umeliwa au unaoza? Soma pezi kabla hujashika dawa

Weka hiyo chupa ya dawa chini kwanza. Najua umewasha taa asubuhi ukakuta mkia wa samaki wako wa kwenye tanki uliokuwa kama pazia umebaki kama tambara la deki, na mkono wenyewe unakimbilia dawa, hata mi nilifanya hivohivo. Nilikuwa na samaki wa mapambo aina ya beta, mmoja mwekundu mwenye mkia mpana, siku moja nikamkuta mkia umemegeka pande mbili, nikasema huu ni uozo tu, nikamwaga antibayotiki moja kwa moja kwenye tanki bila kupima maji wala kumwangalia vizuri, siku ya tano ndo napima nakuta amonia (sumu inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula) imepanda manake ile dawa ilishawamaliza bakteria wa kwenye filta wanaoiondoa, na hapo sasa ukingo wa mkia ukaanza kuoza kweli. Yaani nilimpa kwa mkono wangu ugonjwa niliokuwa najidai namtibu. Kumbe mwanzo wake hakuwa hata mgonjwa, alikuwa anajing'ata mwenyewe, nitakuja hapo.

Shida ni kwamba pezi likiharibika tu kila mtu anasema linaoza, wakati kuoza ni sababu moja kati ya nyingi, tena mara nyingi linakuja la pili baada ya kitu kingine kumdhoofisha samaki. Ukitibu la pili ukaacha la kwanza utakuwa unanunua dawa kila mwezi.

Jinsi ya kuangalia

Pezi lichukulie kama mwavuli, kuna njiti na kuna kitambaa kilichotandazwa katikati ya njiti. Chukua tochi ya simu umulike kutokea ubavuni mwa tanki, usimmulike usoni atakimbia, alafu angalia mambo matatu: kitambaa kimechanika ila njiti zote zipo? njiti zenyewe zimekatika? na ukingo wa pale palipoharibika uko safi au una rangi ambayo haikuwepo, nyeupe, nyeusi, nyekundu, au kama una ute?

Piga picha hapohapo. Kesho piga tena pembe ileile, taa ileile. Macho yanadanganya sana kwenye hii kazi, ukiwa na wasiwasi utaona pezi linapungua kila siku hata kama halijapungua hata kidogo, na ukiwa na matumaini utaona limepona.

Alafu jiulize ni samaki wangapi na imechukua muda gani. Kama ni mmoja tu na wenzake wako fresh, fikiria ugomvi au kitu cha kumchana. Kama wanaharibika watatu wanne kwa pamoja basi kosa liko kwenye maji, hamna haja ya kutafuta mchawi. Kipande kikubwa kikiondoka usiku mmoja ukingo ukabaki safi hayo ni meno au ncha kali, uozo wa kawaida unakula kidogokidogo kwa siku na wiki.

Mpasuko ulionyooka, njiti zote zipo

Kitambaa kimepasuka kati ya njiti na njiti kama tundu kwenye pazia, ukingo safi, samaki anakula na anaringa kama kawaida. Hapa amejichana. Watuhumiwa wakubwa ni mimea ya plastiki, mapambo ya mawe ya kutengeneza yenye matundu ya ndani (ndani ya tundu ndo kukali kuliko nje na ndo anapenda kulala humo), na mdomo wa filta unaovuta maji.

Kuna kipimo cha kizamani ila hakijawahi kuniangusha, chukua soksi laini ya nailoni ya kina mama, vaa mkononi, pitisha juu ya kila kitu kilichomo kwenye tanki na kwenye kila tundu. Ikinasa mahali, pezi nalo linanasa hapohapo. Mi niliwahi kuwa na kigogo cha kununua kimeng'aa vizuri tu, nikapitisha soksi ikanasa kwenye mdomo wa tundu, kulikuwa na kaukingo kama wembe ambako kwa kidole sikukasikia. Nikakasugua kwa msasa, yakaisha. Mimea ya plastiki wala usihangaike kuisugua, toa weka ya kitambaa au ya kweli. Mdomo wa filta uvalishe sponji.

Beta na samaki wengine wenye mapezi mazito wanaweza kupasuka hata bila kugusa kitu, kwa kujitanua tu kwa hasira. Kama umemwekea kioo ajione au tanki la dume mwingine liko jirani, anajipasua kwa kujionyesha. Ziba kati yao na karatasi. Mpasuko wa namna hii hauhitaji dawa, unahitaji maji masafi na uvumilivu tu, unaziba wenyewe ndani ya wiki moja mbili.

Vipande vimemegwa

Hapa kitambaa na njiti vimeondoka pamoja, unaona umbo la nusu duara kama biskuti iliyong'atwa, au mkia umekatwa katwa ngazi ngazi. Wang'ataji huwa wanaanza na kinachoninginia: ncha za mkia, pezi la mgongoni, na zile nyuzi ndefu za tumboni za enjelfishi. Ukiona enjelfishi nyuzi zimekuwa fupi fupi wakati mwili mzima hauna alama, usimtafutie ugonjwa.

Taiga babu (tiger barb) ndo bingwa wa hii tabia, serpe tetra anamfuata kwa karibu, na tetra mweusi yule mwenye sketi nae hayuko nyuma. Ukiwaweka wawili watatu wanageukia wenzao wa spishi nyingine, ukiwaweka kundi la 8 na zaidi wanamalizana ugomvi wao kwa wao na hata hivo mi siwezi kuwachanganya na samaki wa mapezi marefu, ni kama kumfuga paka na kifaranga banda moja ukiomba Mungu. Beta nae akimwona gapi dume mwenye mkia wa rangi anamchukulia kuwa ni beta mwenzie kaja kuchukua eneo, anamrarua. Na ukiwa na pleko au yule samaki wa kula mwani anayenyonya vioo, fahamu kuwa wengine wakikua wanajifunza kunyonya ute kwenye ubavu wa samaki wapole kama goldfishi, ute ukitoka ngozi inabaki wazi na mapezi yanachubuka.

Kumkamata mhalifu kuna njia mbili. Ya kwanza angalia nani ana mapezi mazima kabisa kuliko wote, mara nyingi ni yeye. Ya pili acha simu inarekodi mbele ya tanki nusu saa na wewe ondoka chumbani, manake ukisimama pale wote wanageuka watoto wazuri wanasubiri chakula. Rekodi baada ya kulisha, na nyingine dakika chache baada ya kuzima taa ukiacha mwanga kidogo. Nimeona mtu anaapa kuwa samaki wake wanapendana, kumbe taa ikizimwa tu vita vinaanza.

Sasa kama yuko peke yake na bado anamegwa? Hapo anajing'ata. Beta wanafanya hivi, hasa wale wa mikia mizito iliyojaa mikunjo. Dalili yake ni kwamba vipande vinaondoka ghafla, umbo la meno, kwenye mkia tu kwa sababu ndo sehemu mdomo unafika, na ukingo hauna rangi yoyote. Wangu nilimkamata kwa video, anazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake mwenyewe, anashika, anavuta, alafu anatulia kama hajafanya kitu. Sababu kwake ilikuwa filta, mkondo ulikuwa unamsukuma kila akitaka kupumzika, na ule mkia ni kama kuogelea umevaa blanketi. Nikageuza mdomo wa filta uelekee kioo nikauzibia na sponji, nikamwekea majani mapana karibu na juu ya maji apate pa kulalia. Alipunguza sana, ila hii tabia ikishazoeleka huwa inarudi rudi, usijilaumu.

Ukingo unayeyuka na una rangi

Huu ndo uozo wenyewe. Ukingo unakuwa mchafu, umechakaa bila mpangilio, una mstari mweupe wa maziwa au wa kijivu, saa ingine mweusi au mwekundu, na unarudi nyuma kidogokidogo kuelekea mwilini, njiti zinabaki zimechomoza kama mwavuli uliotobolewa na upepo. Wanaosababisha ni bakteria kama Aeromonas na Pseudomonas ambao wako kwenye maji ya karibu kila tanki siku zote, kwahiyo swali la kujiuliza ni kwanini leo wamemshinda samaki wakati jana walikuwepo na hawakumfanya kitu. Jibu mara nyingi ni maji.

Pima. Amonia inatakiwa iwe 0, naitraiti 0, naitreti chini ya 40 mg kwa lita na ikiwa chini ya 20 nzuri zaidi. Usiseme maji yako ni masafi kwa sababu unaona mpaka ukuta wa nyuma, amonia haina rangi. Tanki jipya linahitaji wiki 4 hadi 6, saa ingine zaidi, kabla ya bakteria wazuri kukaa kwenye filta wakaweza kugeuza amonia kuwa naitraiti na naitraiti kuwa naitreti, na watu wengi mapezi yanaanza kuharibika katika kipindi hikihiki. Tanki la zamani nalo linaweza kuvurugika ukiosha sponji ya filta kwa maji ya bomba yenye klorini (unawaua wote), ukibadilisha sponji yote kwa mpigo, ukiongeza samaki sita kwa siku moja, au ukilisha mpaka chakula kinalala chini.

Kuna kitu kimoja kuhusu amonia ambacho ukikijua kitakuokoa. Kile kipimo kinakupa jumla, ila sumu kali ni ile amonia huru, na kiasi chake kinapanda kadiri pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) na joto vinavopanda, pH ikiongezeka kwa 1 amonia huru inaongezeka karibu mara 10. Kwahiyo kipimo kilekile kwenye pH 6.5 samaki anaweza kuvumilia na kwenye pH 8 kinamchoma. Na hii ndo inawaponza watu wenye tanki lililokaa miezi bila kubadilishwa maji, pH imeshuka sana, amonia imejikusanya taratibu bila kelele, siku anaamua kufanya usafi wa nguvu anabadilisha 80% kwa maji mapya ya pH ya juu, ile amonia iliyobaki inageuka sumu ndani ya masaa. Tanki la namna hiyo badilisha 10 hadi 15% kwa siku mpaka pH irudi polepole. Tanki la kawaida lenye amonia badilisha 30 hadi 50% leo na upime tena kesho.

Joto la maji mapya liwe sawa na la tanki, na yawe yametolewa klorini. Kuyaacha kwenye ndoo wazi masaa 24 kunatoa klorini ya kawaida, ila kama wanaosafisha maji wanatumia kloramini hiyo haiondoki kwa kukaa, itakulazimu utumie dawa ya kuondoa klorini.

Rangi nyeusi kwenye ukingo inawachanganya wengi. Samaki aliyechomwa na amonia akianza kupona mara nyingi anatoa weusi pale palipoungua, ni kama kovu. Kwahiyo weusi pamoja na amonia 0 na pezi lisilopungua kwenye picha zako, huyo anapona, mwache. Weusi huku pezi linarudi nyuma kila siku ni habari nyingine.

Weupe kama pamba

Hapa usibahatishe. Kuna fangasi na kuna kinachofanana na fangasi. Yule wanaomwita fangasi, Saprolegnia (kitaalamu ni ukungu wa maji, sio fangasi halisi), anaota kama pamba iliyosimama, nyuzi nyuzi unaziona zinacheza na maji, na anapenda kukaa juu ya kidonda ambacho tayari kipo. Anaenda polepole, dawa ya fangasi inamuweza.

Kile kingine ni kolumnarisi, na huyu ni bakteria, Flavobacterium columnare. Weupe wake umelala, wa kijivu au manjano kidogo, uko kama vumbi lililolowa, unakaa kwenye mdomo, kwenye kingo za mapezi, na ukishika mgongo unazunguka kama tandiko la punda. Ukiona tandiko hilo usisubiri wiki, kwenye maji ya moto aina kali zake zinaweza kuua ndani ya siku moja mbili. Dawa ya fangasi haimfanyi kitu, huyu anahitaji antibayotiki.

Na hapa ndo watu wanauwa samaki kwa nia njema: wamesikia kwamba samaki akiumwa unapandisha joto. Hiyo ni kwa ugonjwa wa vidoti vyeupe. Kolumnarisi ukimpandishia joto umemwagia mafuta ya taa kwenye moto, kinachotakiwa ni kushusha taratibu mpaka kama 23 au 24 kama samaki wako ni wa maji ya vuguvugu na wanavumilia.

Vidoti vyeupe vyenyewe ni rahisi kuvijua, viko kama punje za chumvi zimenyunyizwa kwenye mapezi na mwili, samaki anabana mapezi na kujisugua kwenye mawe, na mapezi yanachakaa kwa huko kujisugua. Tibu tanki zima sio samaki mmoja, manake dawa inamuua mdudu akiwa anaelea kwenye maji, akiwa chini ya ngozi haimfikii. Kama anajisugua ila huoni doti lolote fikiria minyoo ya ngozi au ugonjwa wa velvet, lile vumbi la dhahabu ambalo unaliona tu ukimulika tochi kwa upande.

Mishipa myekundu

Kwenye goldfishi mweupe au beta wa rangi nyepesi unaweza kuona vimstari vya damu ndani ya mkia. Pima amonia na naitraiti kwanza, goldfishi ni mchafuzi mkubwa na tanki dogo halimtoshi, na mara nyingi ukirekebisha maji vinafifia. Ila kama kuna wekundu pia kwenye shina la mapezi na tumboni, hali chakula, amelala chini, basi maambukizi yameshaingia kwenye damu na hapo antibayotiki ndo ina kazi yake.

Ukishajua, sasa tibu

Maji kwanza, kwa kila sababu niliyotaja. Kuoza kwa juu juu, yaani ukingo tu, mara nyingi kunaisha kwa kubadilisha maji 25 hadi 30% kila baada ya siku mbili na kupunguza chakula, bila dawa yoyote.

Chumvi inasaidia, gramu 1 hadi 2 kwa lita kwa siku saba hadi kumi. Piga hesabu ya lita usikisie: urefu mara upana mara kimo cha maji kwa sentimita, gawanya kwa 1000. Tanki la 50 kwa 30 kwa 30 ni lita 45, toa changarawe na mawe sema 40, kwahiyo gramu 40 za kuanzia. Iyeyushe kwenye jagi la maji kwanza, weka nusu leo nusu kesho, usimwage chembe juu ya samaki zinamuunguza. Maji yakipungua kwa kukauka ongeza maji matupu, chumvi haikauki, ukiongeza ya chumvi kila siku utakuja kuwa na bahari. Mimea mingi haipendi chumvi, na vikambare vidogo vya chini vinavumilia kidogo sana, ukiwa navyo kwenye tanki, samaki wanaoumwa ndo uwahamishie kwenye ndoo yao.

Dawa ni kwa uozo unaokaribia mwili, kolumnarisi, au wekundu wa mwili. Toa mkaa kwenye filta la sivyo unainyonya dawa yote, ongeza mapovu ya hewa, usichanganye dawa mbili, maliza siku zilizoandikwa hata kama amechangamka siku ya tatu, na ikiwezekana tibia kwenye ndoo ya pembeni yenye hita ili filta yako isife kama yangu. Methilini bluu ndo kabisa isiingie kwenye tanki kuu, inaua bakteria wa filta na inapaka gundi ya vioo rangi ya wino daima. Ndoo ambayo haina filta badilisha maji kila siku na rudisha kiasi cha dawa kilichotoka.

Kupona kukoje

Pezi jipya linakuja angavu kama nailoni, ukingo mwembamba usio na rangi au mweupe mweupe, na wengi wakiuona wanadhani uozo umerudi wanaanza dawa upya. Tofauti yake ni kwamba huo umenyooka, unafuata umbo la pezi, na kwenye picha za wiki iliyopita pezi lilikuwa fupi kuliko leo. Kwenye maji mazuri utaona mabadiliko ndani ya wiki mbili, mkia mkubwa unaweza kuchukua miezi miwili, na kama uozo ulifika kwenye shina lenyewe pezi linakojishikia na mwili, sehemu hiyo haioti tena. Njiti mpya saa ingine zinaota zimepinda na rangi inakuja tofauti. Beta wangu alikuwa mwekundu mtupu, kipande kilichoota kikaja na bluu kwenye ukingo, na amekaa nacho hivohivo.